Mtama wa Mgeni wa Saa Nane

Mashine yenyewe ipo. Iko juu ya kabati hapa Garissa, imefungwa leso mbili na kamba, na ukitaka kuishika njoo uishike, sitakuzuia. Nasema hivyo mapema kwa sababu nawajua watu. Ukiwaambia jambo lilikukuta usiku, wanatikisa kichwa, wanakubali. Ukiwaambia lilikukuta saa nane mchana, jua la utosi, umesimama jikoni kwenu, wanakuuliza kama siku hiyo ulikunywa maji ya kutosha. Nilikunywa. Sikuwa na homa, sikuwa usingizini, na mimi si mwanamke wa kutishwatishwa. Nimeuza nguo Soko Mugdi miaka na miaka, na aliyejaribu kunitisha aliondoka na aibu yake.

Mdogo wangu Fardowsa alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Hamdi, nami nikahamia kwake nimtunze zile siku arubaini. Mumewe alikuwa Liboi kwenye biashara zake. Kwetu mzazi hatoki nje mpaka arubaini ziishe, na mtoto halazwi hivi hivi tu. Chini ya mto wake huwekwa chuma. Wengine huweka msumari, sisi tuliweka kisu cha marehemu mama, kinene, chenye mpini wa pembe, ambacho kilitulinda mimi na Fardowsa tulipokuwa wachanga. Kazi yake inajulikana. Wale tusiowataja hawasogei palipo na chuma.

Sasa hiyo mashine. Aliileta shemeji yetu mmoja anayeishi ng'ambo. Ni ile ya kukandia unga wa keki, ila usoni ina tundu, unafunga hapo kinu kidogo, unawasha, halafu unamimina nafaka polepole. Fardowsa alitaka uji na anjera, zile chapati zetu za maji, za mtama mtupu, si ule unga wa mashine ya posho uliochanganyika na mahindi ya mtaa mzima. Basi mimi nikawa msagaji. Nasaga vikombe viwili, nazima ipoe, nasaga tena. Majirani waliposikia mlio wake wakaanza kuja na vibakuli vyao, huyu mtama, yule ngano. Utamnyima jirani kinu? Kwa hiyo mwanamke kufika jikoni na nafaka mkononi halikuwa jambo la kushangaza. Nataka ulielewe hilo, maana ndipo nilipopotelea.

Siku ya thelathini na mbili stima ilipotea asubuhi, ikarudi baada ya swala ya adhuhuri. Nikaikimbilia mashine kabla stima haijapotea tena. Garissa saa nane unaijua? Hata mbuzi hujibanza ukutani. Fardowsa na mtoto walikuwa wamelala, na kutoka jikoni niliisikia feni yao ikilia kwi, kwi, kwi. Mlango wa jikoni wa kutokea uani ulikuwa wazi ili nipate upepo. Nilipoinua macho, mwanamke alikuwa amesimama kizingitini.

Alikuwa mrefu, amevaa guntiino, lile shuka la kufunga bega moja walilovaa bibi zetu. Siku hizi ukiliona, ni harusini. Nikamwambia, "Assalamu alaykum."

"Nimeleta mtama," akasema.

Hakuitikia salamu. Iliniudhi, nisikudanganye, lakini nikajiambia huyu ametoka malishoni, jua limemchosha, labda amekuja mjini kutafuta jamaa zake. Kisomali chake kilikuwa cha kale, na maneno mengine sikuwa nimeyasikia tangu bibi yangu afariki. Nikamwita eddo, shangazi, kama tunavyomwita mwanamke mkubwa tusiyemjua, nikamwambia aingie akae.

Akaketi mkekani mbali na mashine, akaipa mgongo. Mtama wake ulikuwa ndani ya chombo cha kusukwa. Nilipomsogezea beseni la bati aumimine humo, akarudisha mikono yake mapajani.

"Mimina wewe," akasema.

Nikamimina. Punje zilikuwa nyekundu, na zilikuwa baridi. Nafaka iliyobebwa juani saa nane, baridi mpaka vidole vikaniuma. Na mimi, mjinga mimi, nikasema labda wameihifadhi shimoni kama zamani.

Nikawasha mashine, nikatia mtama. Niliisikia ikitafuna, lakini chini hapakushuka hata vumbi. Nikaongeza. Hakuna kitu. Nikazima, nikafungua kinu, nikakuta meno ya kusagia yameshikana, yameganda na kitu chekundu kama mtama uliolowa. Nikajaribu kijiko, kikapinda. Nikajaribu kisu cha jikoni, kikavunjika ncha.

"Kile cha ndani ni kinene," akasema mgeni, bado amenipa mgongo.

Sasa nisikilize vizuri. Nyumba ile alikuwa hajawahi kuingia. Kisu kilikuwa chumbani, nyuma ya pazia, chini ya mto. Nilipaswa kusimama hapo hapo nimuulize ameking'amua vipi. Lakini wewe unalijua lile joto, na unajua hasira ya kitu kilichokwama huku stima inaweza kwenda wakati wowote. Nikawaza tu kwamba kweli, kile ni kinene. Nikaingia chumbani, nikapenyeza mkono chini ya mto polepole, nikakitoa. Hamdi akakunja uso usingizini. Nikamnong'oneza, "Narudi sasa hivi."

Kisu kilifungua yale meno mara moja, bila taabu. Nikafunga kinu, nikawasha, na unga ukaanza kushuka, laini, mweupe. Mtama mwekundu, unga mweupe. Unafikiri nilishtuka? Nilifurahi. Nilisimama nikautazama ukijaa beseni, na kadiri nilivyoutazama ndivyo nilivyotaka kuutazama. Sijui nilikaa pale muda gani.

Kilichonizindua ni feni. Ilikuwa hailii tena. Nikaangalia friji, taa yake imezimika. Stima ilikuwa imekwenda zamani, na mashine mbele yangu ilikuwa inasaga.

Nikageuka. Mkekani hapakuwa na mtu.

Kutoka jikoni hadi chumbani ni hatua sita. Nilizipita nimeshika ukuta. Nikasogeza pazia. Fardowsa alikuwa amelala ameelekea upande wa pili, jasho limemlowesha. Yule mwanamke alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, Hamdi yuko mapajani mwake, na kwa kidole kimoja alikuwa anampaka unga midomoni. Mtoto alikuwa analamba. Siku thelathini na mbili, hajawahi kuonja chochote ila ziwa la mama yake, analamba ule unga na kufungua kinywa apewe tena.

Nilitaka kusoma Ayatul Kursi. Ninaisoma tangu nina miaka sita, na sikupata hata neno la kwanza. Niliogopa kama sijawahi kuogopa maishani. Kumbe kisu kilikuwa bado mkononi mwangu. Nilikilaza bapa kifuani mwa mtoto.

Mwanamke akamweka mtoto kitandani bila haraka, akasimama, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Ungependa nikuambie uso wake ulikuwa wa kutisha. Haukuwa. Ulikuwa uso wa mama yeyote unayepishana naye sokoni, na ndiyo maana hadi leo siwezi kupishana na mtu bila kumwangalia mara mbili.

"Nimeshamlisha," akasema. "Sasa ana nyumba mbili."

Akapita kando yangu na ile baridi ya punje zake. Jikoni mashine ikanyamaza. Nilipotoka kutazama, beseni lilikuwa tupu, kavu. Lango la nje, la kuingilia uani, lilikuwa na komeo kwa ndani, kama nilivyolifunga mwenyewe asubuhi.

Nikampangusa Hamdi midomo kwa ncha ya leso yangu, nikarudisha kisu chini ya mto, nikakaa. Baadaye joto likamwamsha Fardowsa. "Abaayo, dada, stima imeenda tena?"

"Imeenda," nikamwambia. Hilo tu ndilo nililomwambia mdogo wangu. Nilimwita sheikh nikidai mtoto halali vizuri, akasoma siku tatu. Habari ya kisu sikumwambia hata yeye.

Hamdi yu hai, alhamdulillahi. Ana miaka minne, mjeuri kama mimi. Ila uji hanywi, anjera hali, chapati anaitema. Chochote cha unga anakisukuma. Daktari anasema ni mtoto mchaguzi. Na ikifika saa nane, nyumba nzima ikilala, yeye huenda kukaa kizingitini mwa jikoni akitazama uani. Sikurudi kwangu tena; mimi hukaa naye. Miaka minne sijalala mchana. Wiki iliyopita aliniuliza mimi, mama yake mkubwa, "Habo, mbona yule mwenye unga mtamu amechelewa?" Nakuapia, hakuna aliyemsimulia. Nani angemsimulia, wakati anayejua ni mimi peke yangu?

Wewe mwenye mtoto mchanga ndani, nisikilize. Chuma cha mtoto ni cha mtoto. Mashine ikikwama, iache ikwame, mle wali. Asiyeitikia salamu usimkaribishe kwa kuwa ana bakuli la nafaka. Na mgeni akikutajia kitu ambacho hajakiona, usikifuate.

Nimeyasema haya leo kwa sababu Fardowsa ana mimba ya pili. Jana aliniambia niishushe ile mashine, niifute vumbi, na nitafute kisu cha mama tukiweke tayari. Jioni nitamwambia kila kitu, na akinifukuza, nitaenda. Lakini sasa ni saa nane kasorobo, na Hamdi ameshaburuta kigoda chake mlangoni. Ngoja nikakae naye.