Difu Lililolia Kabla Baba Hajafika

Enzi zetu sisi watoto wa bondeni Mulago, Kampala, ulijua baba yako anarudi kabla hujamwona. Wengine walimjua wao kwa kikohozi, wengine kwa baiskeli isiyojua grisi. Mimi wangu nilimjua kwa difu. Gari lake lilikuwa la kijivu, limechoka, na viti vyake vilichoma mapaja jua likiwaka. Difu la nyuma, lile bonge la meno ya chuma linalozungusha magurudumu, lilikuwa linalia. Sisemi kugongagonga, nasema kulia. Baba akiwa bado anateremka kutoka Wandegeya unaanza kusikia uuuuuu. Akikanyaga mafuta sauti inapanda, akiachia inashuka, kama mtu anayeomboleza kwa pua. Sisi tuko katikati ya kwepena, mpira wa matambara unakuja kunipasua uso, na watoto wote wanapiga kelele, "Halima, baba yako huyo!" Nauacha mchezo nakimbia.

Mama hakukimbia. Alikuwa jikoni, na akisikia difu alifanya jambo moja tu: aliweka maji motoni. Gari likifika mlangoni, maji ya Baba ya kuoga yameshapata moto. Sijaona saa iliyokwenda sawa kama ile.

Naandika haya nikiwa nimekasirika, na sifichi. Juzi baba watoto wangu alimleta mnunuzi wa vyuma chakavu uani kwangu, akamwonyesha bonge la chuma lililolala karibu na tangi la maji. "Hili nalo chukua," akasema, "linatuzibia njia tu." Nilikuwa nanyonyesha. Nilitoka na mtoto kifuani, na maneno niliyomwambia yule mnunuzi sitayaandika hapa. Bonge lile ndilo difu la Baba. Na kwa kuwa siku hizi watu wazima na akili zao wanakaa barazani wakisema enzi zile za utawala wa wanajeshi kulikuwa na nidhamu, acheni niwaambie lilitokaje kwenye gari.

Baba alikuwa mtu wa kaskazini, wa Lango, Mkristo, fundi wa magari ya serikali. Mama alikuwa Mnubi, mjukuu wa askari wa zamani, Mwislamu asiyekosa swala. Kwetu tulikula Krismasi, tukala na Idi. Asubuhi Mama alitukaangia gurusa, ile mikate laini myembamba ya Kinubi, tukala na chai isiyo na sukari, maana sukari ilikuwa imegeuka kitu cha kunong'onezana. Sabuni tulikata vipande kama keki. Shule tulikwenda, tukaimba, tukachapwa. Na kila asubuhi kabla sijatoka Mama alinishika kidevu: "Ukiulizwa kwenu nani yupo, wewe hujui." Nilikuwa mtoto mwenye kelele, lakini hilo nililishika. Mtoto wa leo ukimwambia usiseme, anakuuliza kwa nini, tena mbele ya wageni.

Aliyekuwapo kwetu alikuwa Baba Mdogo, ndugu yake Baba, polisi. Wenzake wa Lango kazini walikuwa wanaitwa ofisini mmoja mmoja, na wakiitwa hawarudi. Siku moja jina lake likatajwa. Hakungoja kuitwa. Alikuja kwetu na nguo alizovaa, akalala chumba cha nyuma, na kazi ikawa moja: kumfikisha mpakani Busia kabla hawajakumbuka kwamba ana kaka Mulago.

Tatizo lilikuwa gari. Kwanza, mtaa mzima ulijua sauti yake. Pili, petroli. Tulipata tangi moja kwa kubembeleza, na difu letu lilikuwa la nguvu, la kubebea mizigo. Meno yake yalikuwa ya namna kwamba gurudumu likizunguka mara moja, injini imeshajizungusha karibu mara tano. Linapanda mlima kama mbuzi, lakini kwenye barabara ndefu injini inapiga mayowe na petroli inakwisha kama imemwagwa. Kwa difu lile, wakati wa kurudi tungeishia njiani Iganga, basi, tukae pale tuwangoje waje kutuokota.

Baba akasema tutabadilisha difu, tutafute la mwendo mrefu, lisiloizungusha injini sana. Siku zile Kampala ilijaa magari yaliyoachwa na Wahindi walipofukuzwa, mengine yamebaki mifupa. Nyuma ya gereji moja Wandegeya kulikuwa na mawili ya ukoo mmoja na letu. Madifu yao kwa nje yalifanana na letu kama mayai, na hakukuwa na nafasi ya kuyafungua yote. Baba akaenda na mimi, kwa sababu mtu akiwa na mtoto wa kike haonekani mwizi. Na Baba Mdogo naye aling'ang'ania kuja, kavaa kanzu na kofia vya ukoo wa Mama. Alisema akikaa tena chumba kile ataoza.

Jinsi ya kulijua difu bila kulifungua nilijifunza siku hiyo, na mpaka leo ninaweza. Unaweka gia huru. Unainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile lingine linabaki chini. Unachora alama ya chaki kwenye tairi, na nyingine kwenye propela, ule mti wa chuma unaopita chini ya gari kutoka mbele kwenda nyuma. Mmoja anazungusha tairi, mwingine analala chini anahesabu propela imezunguka mara ngapi.

Nilizungusha mimi. Baba Mdogo alilala chini. Tairi lilipokata mzunguko mmoja, akatoka mbio mbio na vumbi usoni. "Kaka, mbili tu! Hata mbili hazijafika! Hili ni difu la ndege, tutaruka!"

Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Afande, gurudumu moja limesimama. Nusu ya mzunguko inapotea humo ndani. Halima, zungusha mara mbili kwa hesabu ya moja."

Nikazungusha mara mbili. Propela ikaenda karibu nne. Letu la nyumbani lilikuwa linakaribia tano. Difu la gari la pili lilikuwa sawasawa na letu, tukaliacha, tukachomoa lile la kwanza. "Afande wa ndege" ndilo jina alilobaki nalo Baba Mdogo, na nakumbuka alivyocheka naye, mtu ambaye kwa siku nyingi alikuwa hajaonyesha meno.

Baba alilifunga difu jipya uani kwetu. Alichomoa ekseli mbili, akafungua boliti, akatoa bonge zima la zamani, akatia lile. Kisha akazunguka mtaa na gari. Kimya. Mama alitoka jikoni mikono imejaa unga, akaliona gari limesimama mlangoni. "We! Umepitia wapi?" Maji hayakuwa motoni. Baba alifurahi kama mtoto. Mama hakufurahi, nilimwona.

Tulitoka asubuhi kweupe, kama watu wanaokwenda kujifungulia kwa bibi, na Mama tumbo lake lilikuwa shahidi wa kutosha. Alikaa mbele. Nyuma tulikuwa mimi na Baba Mdogo na kanzu yake, taya limefungwa kwa leso kama mtu anayeumwa jino, maana akifungua mdomo tu Kilango kitatoka. Barabara ya Jinja gari liliteleza. Mshale wa mwendo ulisema arobaini na miti ilikuwa inapita kama hamsini. "Usiuamini," Baba alimwambia Mama, "bado unahesabu kwa difu la zamani." Injini ilinong'ona. Nilidhani tumeshafika.

Mbele ya Mukono kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi, na walikuwa wamekiweka katikati ya mlima. Baba alikuwa amehesabu petroli, akahesabu mwendo. Kusimama mlimani na kuondoka tena, hilo halikumjia. Fundi mzima!

"Simama! Nyinyi naenda wapi?"

Mama akajibu kwa Kinubi, akaeleza tumbo, akaeleza mama yake, akauliza kijana ametoka wapi. Askari akalegea kidogo. Akatuchungulia nyuma. "Huyu je?"

"Jino, mwanangu. Hata uji hawezi."

"Haya, nenda."

Baba akaachia klachi. Gari likatetemeka, likazima. Akawasha, likazima tena. Difu lile la mwendo mrefu halikuwa na nguvu ya kutunyanyua pale. Klachi ikaanza kunuka. Askari wa pili akaja na bunduki yake. "Mzee, gari yako iko mgonjwa?"

"Mzigo mzito, afande," Baba akasema, na jasho lilikuwa linamdondoka kwenye usukani.

Yule askari akacheka, akapiga bodi kwa kofi. "Toka nje! Wewe wa jino, toka, sukuma! Sisi tutasukuma dada yako na wewe nakaa kama bwana mkubwa?"

Baba Mdogo akatoka. Nilitazama kwa kioo cha nyuma. Katikati ya askari wawili, bega kwa bega, alikuwapo polisi wanayemtafuta wenzao, kanzu imepandishwa mpaka magotini, anasukuma. "Sukuma, baba! Wewe nakula bure?" wakamtania, na yeye anatikisa kichwa na leso yake. Gari likashika. Baba hakusimama mpaka kileleni, na Baba Mdogo akatukimbilia nyuma, na askari wale walimpungia mkono. Mpaka leo sijui niwachukie vipi wale wawili. Wengine najua.

Jioni hiyo Baba Mdogo alivuka Busia kwa miguu. Petroli ilitutosha kurudi. Baba aliimba njia nzima.

Mdogo wangu alizaliwa, akaanza kutambaa, na mimi nikaendelea na kwepena. Ila hakuna aliyepiga tena kelele, "Halima, baba yako huyo." Baba alitokea tu mlangoni, na Mama akawa anaweka maji kwa kubahatisha, yakipoa anayarudisha motoni. Kisha mchana mmoja watu wawili wa usalama, waliovaa miwani ya jua, walimfuata Baba kazini, wakamwingiza kwenye gari lake mwenyewe, wakaondoka naye, na hakurudi tena. Jirani alisema walipita barabara ya chini yetu kabisa. Sisi tulikuwa nyumbani. Hatukusikia kitu. Mama hakulia mbele yetu. Alisema neno moja, na halijanitoka: "Lingekuwa lile la zamani, ningesikia wanaelekea wapi."

Nidhamu! Mwambieni huyo anayesema nidhamu aje kwangu aseme.

Siku hizi tuna amani kiasi, nashukuru, na magari yanatoka Japani hayana hata mkwaruzo wa sauti. Baba watoto wangu anafika mlangoni na watoto hawanyanyui kichwa, wamekodoa macho kwenye televisheni. Vijana wa leo gari likikohoa tu wanaita fundi, wenyewe wanasimama pembeni wakijipepea. Siwalaumu sana. Wamezaliwa sukari ipo.

Mnunuzi wa vyuma alipokwisha kukimbia, binti yangu Amina alibaki uani analichokonoa lile bonge. Akashika sehemu ya mbele, pale propela inapofungwa, akazungusha kwa mikono miwili. Kwa mkono halilii kama barabarani, linakoroma tu. Lakini alizungusha kwa nguvu, na kukoroma kukapanda kidogo, uuu, kukashuka. Mama yangu sasa anaishi nasi, masikio yake mazima na akili yake nzima. Alikuwa amekaa jikoni anachambua maharage. Niliingia kumwambia difu haliuzwi.

Sikumwambia. Alikuwa ameshainuka, sufuria mkononi, anaweka maji motoni.