Mbuzi Juu ya Paa, Ijumaa Kuu

Nilipokuwa mtoto huko Kieni, upande wa Chaka, paa za nyasi zilishuka chini sana, na sisi watoto tulichapwa tukiacha mbuzi asogelee rundo la kuni kando ya nyumba. Si eti kwa kuhurumia nyasi. Mbuzi akipanda juu ya nyumba ya mtu, ameleta thahu, ule unajisi unaoua watu, na lazima achinjwe kabla jua halijatua. Hilo halikuwa na mjadala, hata kwa waliobatizwa.

Sasa mbuzi wetu akachagua Ijumaa Kuu.

Uhuru ulikuwa bado mpya, na mwaka huo ulikuwa wa ukame. Baba alikuwa kazini Nairobi. Ndugu yangu mdogo alikuwa na surua, macho yamefumba, na ng'ombe alikuwa amekauka. Maziwa ya mbuzi huyo ndiyo pekee yaliyokaa tumboni mwake. Mimi na mama tulirudi kutoka Njia ya Msalaba, njaa ya mfungo ikituuma, tukamkuta mbuzi juu ya paa anatafuna, na cucu, mama yake baba, amesimama uani mikono kichwani.

"Achinjwe," cucu alisema. "Nimeshamwita baba yao mdogo. Ama unataka mtoto akufe?"

Mama alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya. Nilijua hapo amekasirika.

"Leo hakuna damu hapa, maitu, mama yangu. Leo ni siku ya Bwana kufa. Na nikimchinja, mtoto atakunywa nini?"

"Hatakuwepo wa kunywa."

Wacha niseme ukweli, nilikufa kwa woga. Nilimwamini cucu kabisa, na padri nilimwamini pia. Mmoja wao alikuwa amekosea, na ndugu yangu ndiye angelipia.

Baba mdogo akaja na kisu, akamteremsha mbuzi, akamshika pembe. Mama hakubishana naye. Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha bati, akachuchumaa hapo hapo chini ya kisu, akaanza kukamua. Maziwa mengine yakamwagikia miguu ya baba mdogo. Huwezi kumkata mbuzi ambaye mama wa mgonjwa bado anamkamua. Baba mdogo alimtazama cucu, cucu akatazama jua. Mama aliendelea kuvuta hata matiti yalipokuwa matupu, mpaka jua likazama.

Cucu akachukua blanketi yake, akahamia kwa baba mdogo. Mama hakula wala hakulala. Pasaka asubuhi mtoto alifumbua macho, akaitisha uji.

Nikisimulia haya kanisani, watu hupiga makofi kwa sababu mtoto alipona. Mimi makofi hayo hunichoma. Kwaresima moja, mama akiwa mzee tayari, nilimuuliza: na kama angekufa?

"Ningemzika," alisema. "Na kijiji kizima kingesema nimemuua, na cucu yako angesema kuwashinda wote. Halafu Jumapili ningeenda misa nikilia. Sasa ningeenda wapi kwingine?"

Siku hiyo niliona amejibu kama mzee aliyechoka. Baadaye nikamzika mtoto wangu mwenyewe. Jumapili iliyofuata niliamka, nikavaa, nikaenda misa, nikalia.