Madigadi ya Gari la Mkunga

Magari ya siku hizi yanazaliwa kama ndoo: yanatoka kwenye kalibu moja, sura moja, na ukiligonga bampa kwa kucha linakujibu kama beseni. Mimi nilishona viti vya magari katika banda la Kiganja tangu sote tulipokuwa na meno, kwa hiyo najua gari lililojengwa kwa mkono linavyoitika. Wanaojua hivyo sasa wengi wao wako makaburini, na waliobaki hawaulizwi kitu.

Kiganja tulimwita hivyo kwa sababu hakuyaamini macho yake. Aliyafumba, akapitisha kiganja juu ya bati, akasimama mahali ambapo wewe huoni kitu. "Hapa pana kipele." Ukisogeza taa, kweli, kipele kipo. Bodi aliijenga yote mwenyewe, mifupa ya mbao na ngozi ya bati, na bati aliligonga juu ya mfuko wa mchanga taratibu, mpaka likubali kupinda. Futi ya kupimia ilipigwa marufuku bandani. "Futi ni ya mtu asiyeujua mkono wake," alisema. Yeye alipima kwa shibiri, toka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, na mkono wenyewe ulikuwa mfupi, umenona kama wa mtoto mchanga.

Kazi zikapungua. Watu walikwenda kununua ndoo zao. Kiwanja cha banda kilikuwa cha mkewe, na mkwe wao alikitaka ili aoshee magari. Alishaleta hata pampu, akaiweka mlangoni kama mgeni anayetanguliza mizigo.

"Sikiliza, mume wangu," mkewe akamwambia mbele yetu. "Hilo gari la mkunga likitoka, na mwenyewe akaridhika, banda ni lako mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka."

"Basi mpaka ufe. Akilikataa, mkwe anafungua maji."

Mkunga huyo alikuwa mstaafu, na gari lilikuwa la marehemu baba yake. Kutu ilikuwa imeitafuna bodi, imebakiza injini, chesisi na usukani. Kazi ya namna hiyo mtu mmoja haiwezi, na msaidizi aliyefaa alikuwa mmoja tu: kaka wa mkewe, mrefu, mwenye vidole kama miguu ya buibui, ambaye alikuwa amenuna nyumbani kwake kwa miaka kwa kuambiwa na Kiganja kwamba anagonga bati kama anayefukuza panya.

Alikuja, lakini kwa masharti. "Sishiki nyundo kwa kuamriwa tena, shemeji. Nipe ubavu wangu."

"Chukua wa kulia. Na usiuguse wangu."

"Nani autake?"

Wakafanya kazi hivyo, gari likiwa katikati yao kama ukuta wa majirani waliogombana. Zamani kila kitu kilipimwa na Kiganja peke yake. Sasa vipimo vilirushwa juu ya boneti.

"Digadi upana gani?"

"Shibiri mbili na vidole vinne!"

"Nimesikia, mimi si kiziwi!"

Siku ya kulitazama gari, mimi nilikuwa wa kwanza kusimama mbele yake, na sindano ikanidondoka. Digadi la kushoto, bati la juu ya gurudumu, lilikuwa dogo, limejikunyata. La kulia lilitanuka kama kiti cha enzi. Taa moja ilitazama barabara, nyingine ilitazama mawingu.

"Umepima na nini?" Kiganja akafoka.

"Shibiri, kama ulivyosema!"

"Shibiri ya nani?"

"Nilikuja na mkono wangu, shemeji. Ulitaka niazime?"

Hodi ya mkunga ikasikika langoni. Haraka tukalisukuma gari mpaka ubavu wa kulia ukagusa ukuta. Mkwe alikuwa pale pale, mpira wa maji begani, anatabasamu.

"Limependeza," mkunga akasema. "Mbona mmelibandika ukutani?"

"Rangi haijakauka upande ule, mama," Kiganja akajibu.

"Na ukuta mmeupaka pia?"

Akazunguka mbele, akainama, akalitazama gari kwa jicho la mtu aliyepokea watoto wa mji mzima. "Niliambiwa nitakuta mapacha. Hawa hata baba hawakuchangia."

Mkwe akaanza kukunjua mpira.

"Wewe, subiri," mkunga akamwambia. "Sijakataa." Alipoelezwa habari ya mikono miwili alicheka mpaka akatafuta kiti nilichokuwa ninakishona. Kisha akautandaza mkono wake juu ya boneti. "Gari langu, shibiri yangu. Kateni kijiti hapa. Yang'oeni madigadi yote mawili."

Yote mawili yakang'olewa, yakagongwa upya. Safari hii kijiti kilizunguka, kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, na wazee wale wakalazimika kupeana mkono kwa mkono. Mkunga aliporudi hakuangalia kitu. Alifumba macho, akapitisha viganja vyote viwili pamoja juu ya madigadi, kimoja huku, kimoja kule.

"Sasa ni mapacha," akasema.

Mkwe akaihamisha pampu ng'ambo ya barabara, na huko anaosha ndoo hadi leo. Kijiti kimetundikwa kwenye msumari bandani. Kazi haziji, lakini mashemeji hawakosi la kufanya: kila asubuhi wanakitungua, wanakipimia mikono yao, na kugombana upya kwamba mkono wa mkunga ulikaribia wa nani.