Barometa Niliyoisugua kwa Ukwaju

Nilipokuwa nikikata miwa Ramisi, kila asubuhi karani wa shamba alikuwa akikitoa kikopo cha shaba ardhini, anayamimina maji ya mvua katika gilasi yenye mistari, anaandika. Mimi darasa la tatu lilinishinda, lakini lile nililielewa bila kufundishwa. Ugonjwa wa vyombo vya kupimia hali ya hewa ukaniingia hapo.

Sasa ninavyo kumi na kitu. Vipimajoto vya zebaki, jogoo wa bati wa kuonyesha upepo, mkia hana, na vikopo viwili vya mvua. Kimoja mke wangu alikuwa akipimia mchele hadi nikamnyang'anya. Basi, hadi nikamwomba. Vingi nimevipata Ukunda kwa muuza vyuma chakavu, mtu wa maneno mengi kuliko mimi.

Ndiye aliyeniwekea barometa, chombo cha kupimia uzito wa hewa, kutoka hoteli iliyobomolewa huko Diani. Duara kama kisahani, mshale mwembamba, imeota kutu ya kijani. Na kwetu shaba ikichafuka unaloweka ukwaju, unatia majivu, unasugua, kama masinia ya harusi. Nikafungua kioo, nikasugua mpaka uso wake. Iling'aa sana. Maandishi yote yakaondoka na majivu.

Nikarudisha kioo, nikaitundika hivyo hivyo. Mke wangu hukausha mbata, nazi za kukamulia mafuta, na msimu ule mvua ilikuwa imemharibia mara mbili. Akaja akaitazama.

"Bwana, saa isiyo namba hiyo. Yatwambia nini?"

Nikamjibu kuwa inajua hewa.

"Hewa naijua mwenyewe. Mbata zangu zikinyeshewa tena, na vyuma vyako vyaning'inia hapa vyanitazama, vyote virudi Ukunda."

Haki yake. Wiki nzima nilikaa mbele ya ukuta ule, chai ikinipoea. Nikaona asubuhi mshale hupanda kidogo, alasiri hushuka kidogo, kila siku, kama mtu anayepumua. Jumatano asubuhi haukupanda. Ulishuka, ukaendelea kushuka. Nje jua kali. Nikamwambia aanue. Alinicheka, akasema nimepata ukarani uzeeni, lakini alianua, nami nikabeba majamvi na kiuno changu hiki. Adhuhuri tulikuwa bado hatujaswali mvua ikamwagika.

Akaingia ndani akijifuta uso kwa ncha ya leso. Alichukua kijiti chake cha wanja, akatia alama juu ya kioo pale uliposimama mshale.

"Hapa ni mvua," akasema. "Na usipasugue."

Mara nyingine barometa hutudanganya, sitaficha. Hata hivyo kila asubuhi mke wangu, kabla hajatandika majamvi, hupitia ukutani kwanza. Wanja ukififia huurudishia mwenyewe. Mimi haniruhusu kugusa.