Bibi Tanbihi na Mabano ya Kitabu cha Kale

Tk. Binti yake akimkumbuka mama, hiyo ndiyo sauti inayotangulia: penseli ikilazwa juu ya meza ya chakula. Hapo mama ameona kosa katika mswada wa mtu, na hataandika neno mpaka hasira ipoe.

Chuoni wanafunzi walimpachika jina la Bibi Tanbihi, kwa kuwa kila rejea aliifuata hadi chanzoni. Miaka ishirini na sita alilisomea jarida la sheria ya Kiislamu miswada iliyofutwa majina, aseme ipi ichapishwe, pengine bila hata ahsante. Mwandishi hakumjua msomaji, wala msomaji mwandishi. Aliyekosea kwa ugeni alielekezwa kwa upole, kana kwamba wameketi pamoja. Mjuaji alirudishwa vitabuni, ukurasa kwa ukurasa.

Asubuhi moja penseli ililazwa, isiinuliwe hadi adhuhuri.

"Leo kaharibu nani, mama?" binti aliuliza, akimenya vitunguu.

"Mimi."

Mswada ule ulipinga makala yake mwenyewe kuhusu mali ya wakfu iliyochakaa, makala iliyompa uprofesa. Katika makala hiyo mama alidai kwamba mwanachuoni mmoja wa kale alikataza kabisa mali hiyo isiuzwe. Mwandishi huyu alisema hapana: katika chapa za zamani, maneno ya mwanachuoni hukaa ndani ya mabano, na ya mfafanuzi wake nje, yote katika mstari mmoja. Mama alinukuu ya nje, akidhani ni ya mwanachuoni.

Mama alipanda kiti, akakishusha kitabu cha mwanachuoni huyo, akapangusa vumbi. Mabano yalikuwepo, membamba kama unywele.

"Si uukatae tu?" binti alisema. "Nani atajua?"

"Mimi najua, na wewe sasa unajua. Tumeshakuwa wengi."

Akamwandikia mhariri kwamba anayepingwa ni yeye, basi atafutwe msomaji mwingine. Mhariri, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alipiga simu alasiri ile ile.

"Shikamoo, mwalimu. Mwezi ujao unastaafu, watu wanakuandalia hotuba. Mswada huu tuuweke kando mwaka mmoja hivi, yapite."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mwandishi naye anangoja cheo, au sivyo?"

"Sijui, mwalimu. Huenda."

Binti aliacha kisu akasogea, maana mama alishusha sauti kama anayembembeleza mtoto alale.

"Asingojeshwe. Kasoma vizuri kuliko mimi."