Mkebe wa Mama wa Kisimani

Gari lilipomshusha mbele ya jengo lisilo na dirisha hata moja, mkalimani alidhani dereva amekosea. Kwa miaka ishirini na tano kazi yake ilikuwa kufika: kufika kwenye mikutano, kwenye viwanja vya ndege saa zisizo na adabu, kwenye hoteli ambazo funguo zake hazikufungua kitu. Hata hivyo, ghala la filamu la taifa zima alilitegemea liwe na walau kibao. Hapa palikuwa na mlango wa chuma, pipa la maji ya mvua, na maandishi yaliyofifia ukutani yakiagiza siagi iwekwe penye baridi.

"Ndipo hapa hapa," dereva alisema, akishusha begi. "Zamani ilikuwa siagi, sasa ni sinema. Zote joto linaziharibu."

Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke mnene aliyevaa sweta la sufu jua likiwa utosini. Huyu ndiye mtunza ghala. Ofisi nzima ilimwita Mama Siki, kwa kuwa filamu ikianza kuoza hutoa harufu ya siki, na pua yake iliinasa harufu hiyo kabla ya kipimo chochote walicholetewa. Kila Jumatatu alipita rafu kwa rafu, akifunua mkebe, akinusa, akifunika, kama mpishi anayekagua vyungu vya watu wengine.

"Mkebe wako unanuka, dada," alisema, hata salamu hazijaisha. "Umenuka sana. Na mwenyewe yuko pale kwenye benchi tangu asubuhi."

Mkalimani aliuliza mwenyewe gani. Filamu za serikali hazina mwenyewe.

"Hilo kamwambie yeye."

Benchini alikaa mzee mwembamba, koti limepigwa pasi, kofia magotini. Alikuwa fundi wa spika na redio, na mtaani kwao hakuna aliyemwita jina jingine ila Kipaza. Alisafiri siku mbili baada ya kusikia redioni kwamba filamu iliyoombwa na wananchi imepatikana na itaonyeshwa. Alimpa mkalimani mkono, akamwita mwanangu, akamuuliza hali ya njiani, kisha akasema alichokuja kusema, kwa upole kabisa: filamu ile isionyeshwe.

Mkalimani alihisi kama amepokonywa kiti wakati anakaa. Filamu ile aliipigania yeye.

Kamati ilikuwa na watu saba, yeye mmoja wao, na kazi yao ilikuwa kuchagua filamu kumi ambazo taifa litazitunza liwalo na liwe. Tisa zilipita bila kelele nyingi. Ya kumi ililetwa na wananchi wenyewe, kwa barua na simu na ujumbe zaidi ya mia nne, wote wakiomba kitu kimoja: Mama wa Kisimani. Mwenyekiti alisema hakuna filamu ya jina hilo katika daftari lolote. Mkalimani akasimama akasema ipo, kwa sababu aliiona akiwa na miaka minane, kwenye shuka jeupe lililotundikwa uwanja wa shule, siku gari la sinema lilipopita.

Aliikumbuka yote. Mwanamke kijana anachota maji, mtoto mgongoni. Mumewe ameondoka. Watu wanamwambia amsahau, aolewe na mwingine. Naye anajitwika mtungi wake, anawageukia, anasema, "Mimi sisubiri maji, kisima kinanijua. Namsubiri anayejua njia ya kurudi." Maneno hayo mkalimani alitembea nayo dunia nzima. Mume wake wa kwanza aliambiwa hayo kwa simu. Wa pili aliyasikia ana kwa ana, akafunga mizigo yake bila ubishi.

Mama Siki ndiye aliyeipata, kwa kufuata picha badala ya jina. Mwanamke, maji, mtoto mgongoni: mkebe namba mia mbili na kumi na mbili. Juu yake paliandikwa Maji na Afya, Sehemu ya Pili. Fomu ya kamati ilitakiwa kesho saa sita mchana. Ijumaa orodha ingetangazwa, na kuanzia jioni hiyo filamu zote kumi zingeonyeshwa kwenye televisheni, moja kila jioni, ya kwanza ile iliyoombwa na wananchi. Kilichobaki ni mjumbe mmoja kuitazama kwa macho yake na kutia sahihi.

"Tuitazame kwanza, baba," mkalimani alimwambia Kipaza. "Halafu tuzungumze."

Mzee alichukua kofia yake, akasimama. "Tutazame," alisema. "Umetoka mbali."

Chumba cha kutazamia kilikuwa na meza pana yenye kioo katikati na magurudumu mawili bapa. Mama Siki alivaa glavu nyeupe, akapitisha utepe taratibu, na harufu ya siki ikajaa puani kama kachumbari iliyosahaulika. Kioo kiliwaka. Mwanamke akaja na mtungi wake, mtoto mgongoni, vile vile kabisa, na mkalimani akajikuta anatabasamu kama aliyekutana na mwanafunzi mwenzake wa zamani.

Kisha sauti ikaanza.

Ilikuwa sauti ya mwanamume wa ofisini, iliyonyooka, isiyo na haraka. Ilisema: huyu hapa ni Bibi Uchafu. Mtazameni. Anachota maji kwenye dimbwi la ng'ombe. Mtoto wake haoshwi. Nzi ni rafiki zake. Mwanamke kama huyu ndiye adui wa afya katika kijiji. Na picha ikasogea hadi kwenye miguu ya mtoto iliyogandwa na tope, ikabaki pale, ikabaki, huku sauti ikiwaomba watazamaji wamcheke.

Mkalimani alikuwa amekwisha kusikia matusi kwa lugha sita, na mengine alilipwa kuyatafsiri. Lakini hili lilitamkwa kwa adabu, na lilimpiga penye miaka yake minane. Alitafuta kisima, palikuwa na dimbwi. Alitafuta mume aliyeondoka, hakutajwa popote. Akasubiri maneno yake. Mwanamke alijitwika mtungi, akageuka, midomo ikasogea mara mbili tatu, na sauti ya ofisini ikasema juu yake: anapiga soga badala ya kufanya usafi.

"Siyo hii," alisema. "Mama Siki, umekosea mkebe."

Kipaza alinyanyuka, akanyoosha mkono mezani bila kutafuta, kama mtu anayezima taa ya chumbani kwake, akapunguza sauti hadi ikafa. Picha ikaendelea kimya.

"Mkebe ni huu huu, mwanangu," alisema. "Ile uliyoisikia wewe uwanja wa shule ilikuwa sauti yangu."

Akaketi. Mkalimani alimtazama mdomoni, mdomo mkavu wa mzee, akijaribu kuulinganisha na ile sauti nene iliyotoka gizani miaka arobaini na miwili iliyopita. Kila neno. Hata lile alilomwambia mume wa pili.

"Na yule?" aliuliza, akionyesha kioo.

"Yule ni mama yangu. Huyo mgongoni ni mimi."

Mama Siki alisimamisha mashine.

Kipaza alieleza bila kupamba. Alipata kazi kwenye gari la sinema akiwa na miaka ishirini na miwili, kushika jenereta na kufunga shuka. Wiki ya tatu, mji wa kwanza baada ya daraja, mkubwa wake aliweka Maji na Afya, na giza lilipoingia mama yake akatokea shukani, mkubwa kuliko nyumba, watu mia mbili wakimcheka. Yeye alikuwa ameshika kebo. Aliendelea kuishika. Alisema hadi leo kiganja kinakumbuka unene wake.

Mama mwenyewe hakuwahi kuiona. Alichojua ni kwamba zamani walikuja watu wa picha, wakamwomba apite na mtungi mara nne, wakampa vipande viwili vya sabuni, wakamsifu. Maisha yake yote aliwaambia majirani kwamba alipigwa sinema. Sasa ratiba ya gari ilikuwa inafuata barabara, na baada ya vituo vitano kilikuwa kijiji chao.

"Sikupanga kitu," alisema. "Tulipofika kwetu mkubwa wangu alikuwa na homa, amelala garini. Mama amewekewa kiti mbele kabisa, kavaa vizuri. Nikapunguza sauti, nikachukua kipaza, nikaanza kusema. Ningenyamaza wangeuliza sauti iko wapi. Baba yangu alikuwa ameondoka kweli, basi nikaanzia hapo."

Mama yake alicheka, akalia, akaomba irudiwe. Wakairudia. Mji uliofuata walikuwa wamekwisha kupata habari, wakataka ile ya Mama wa Kisimani. Kwa miaka kumi na tisa Kipaza hakumruhusu mtu mwingine kugusa sauti ya mkebe ule. Mkubwa wake alimwita mwongo mwenye kipaji, kisha akazoea.

"Yuko hai?" mkalimani aliuliza.

"Ana themanini na minane. Anasikia kuliko mimi. Wajukuu wamemwambia filamu yake itaonyeshwa, wamekwisha kumnunulia gauni." Aligeuza kofia. "Ijumaa hii atakaa mbele ya televisheni, na yule bwana atamwambia nchi nzima imcheke."

Mkalimani aliomba dakika moja, akatoka hadi penye pipa la mvua, akampigia mwenyekiti. Jibu lilikuwa fupi na, kwa bahati mbaya, la haki. Kinachotunzwa hutunzwa kama kilivyotengenezwa, sauti na picha. Leo tukifuta la huyu, kesho tutafuta la yule. Kama haifai, iondolewe orodhani, akate mstari tu. Alirudi ndani akamweleza mzee vivyo hivyo, bila kupunguza, maana hilo ndilo alilozoea kufanya na maneno ya watu.

"Na ikiondolewa?"

Mama Siki ndiye aliyejibu. Zinazonakiliwa ni filamu za orodhani tu, na ya mkebe ule haitamaliza mwaka. Itakakamaa, itanata, itakuwa kama kipande cha gundi. Hakuna nakala nyingine, alikwisha kutafuta.

Mama wa Kipaza hakuwa na picha nyingine ya ujana wake. Kipaza alilisema hilo akiwa ameinama. Kisha alisema jingine, polepole zaidi, na lilionekana kuwa hajawahi kulisema mbele ya watu.

"Mama aliniambia tope lile walinipaka wao. Kwamba alikuwa ameniogesha, na kisima cha kweli kilikuwa nyuma ya kilima, ila wale watu walilipenda dimbwi kwa sababu ya jua. Alinieleza kama kichekesho. Nami nikasema sawa, mama." Akafuta kiti kwa kiganja, pahali pasipo na vumbi. "Lakini mama gani angesema vingine? Miaka yote nikishika kipaza nilikuwa sijui kati yangu na yule bwana mwongo ni nani."

Mama Siki alivua glavu moja, akaivaa tena. Halafu akauinua mkebe mtupu na kuutikisa. Ndani kitu kikagonga.

Kilikuwa kibunda kidogo cha filamu, si kikubwa kuliko kikombe cha chai, kimefungwa kwa uzi, na kwenye karatasi yake mtu aliandika zamani kwa penseli: Tupa. Mama Siki alisema mikebe mingi ya zamani ina masalio kama hayo, vipande vilivyokatwa, visivyo na sauti, na sheria ya kunakili haivihesabu. Vikifika maabara hutupwa kweli. Yeye hajawahi kutupa kitu, si kwa sababu ya busara, ila hakuna aliyemletea pipa.

Alikipitisha mashineni kwa mkono, taratibu mno, akikinusa huku anakivuta.

Jua, dimbwi. Mwanamke amesimama, mtungi chini, mtoto mikononi, uchi, anang'aa maji. Kutoka pembeni ukaingia mkono wenye shati jeupe na saa. Mkono ukachota tope, ukaupaka mguu wa mtoto, kisha wa pili, kwa uangalifu, kama anayepaka rangi mlango. Mtoto akalia. Mwanamke akaupiga ule mkono kofi la mzaha, akacheka, akatazama moja kwa moja kwenye kamera. Sekunde kumi na moja. Kioo kikawa cheupe.

Mkalimani aligundua kwamba ameziba mdomo kwa mkono. Kipaza alikuwa amesimama, na hakuna aliyemwona akisimama.

"Rudia," alisema.

Wakarudia mara tatu. Ya tatu hakutazama tope wala mkono, alimtazama yule mwanamke anavyocheka.

"Alikuwa ananiambia kweli," alisema. "Na mimi namwambia sawa, mama." Akakaa, akasimama tena, kama mtu aliyesahau miguu hufanyaje kazi. Mama Siki alimsogezea glasi ya maji, akainywa yote bila kuondoa macho kwenye kioo cheupe.

Mkalimani alikuwa na fomu mkononi na kalamu juu ya ule mstari wa kukata. Aliuliza kwa mara ya kwanza kama anayeomba, si kama mjumbe: afanyeje.

"Iweke," Kipaza alisema. "Yote. Yule bwana naye mwache aseme, asikike alivyosema. Lakini na hicho kibunda kiwemo, kisitupwe."

"Na mama, Ijumaa hii?"

Mzee alikuwa amekwisha kuvaa kofia. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulikuwa na kitu cha utani.

"Televisheni ya mama ina kidude cha sauti, mwanangu. Nitakaa karibu nacho. Kazi hiyo naijua."

Alimpa mkono, akampa na Mama Siki, akamshukuru kwa kutokutupa. Mama Siki akasema angalau safari moja amesifiwa kwa uvivu. Dereva aliyemleta mkalimani alikubali kumfikisha mzee kituoni, na mlangoni Kipaza aligeuka, akauliza ni neno lipi hasa alilolikumbuka tangu utotoni. Mkalimani akamwambia. Mzee akafikiri.

"Hilo nililisema mara moja tu," alisema. "Lilinitoka. Nikalisahau."

Akaingia garini. Mkalimani alibaki mlangoni hadi vumbi likatua barabarani, kisha akarudi kwenye baridi. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la filamu, ya urefu na ya sauti, na haikuwa na nafasi ya kitu kingine chochote. Aliigeuza nyuma, penye weupe, akamwomba Mama Siki ampimie kile kibunda kwa rula, akaanza kuandika.