Matundu Manne Ukutani

Nilitoboa ukuta wa nyumba mpya ya mume wangu kwa mtaimbo, mchana kweupe, na mpaka leo sijaomba radhi. Wanangu hunisihi nikisimulie kisa hiki kwa upole, kwa kuwa wahusika wengi wameshatangulia mbele ya haki. Upole sina. Nitakisimulia kilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Sisi wa huku juu, upande wa Malindi ya milimani, si ile ya pwani, hatukupakiwa kwenye malori tukapelekwa porini, maana tulikuwa tumeshabanana mgongoni mwa mlima, ua kwa ua. Sisi tuliambiwa tujenge nyumba bora: za pembe nne, za tofali, zenye mabati, zitazamane na barabara. Nyumba za msonge tulizozaliwa ndani yake zikaitwa aibu. Mume wangu alikuwa fundi mwashi, na karibu kila nyumba bora ya kijiji chetu aliipiga timazi yeye. Ya kwetu aliijenga mwisho, akaijenga kwa majivuno. Tofali mbichi alizifyatua mwenyewe, lipu akaipiga ndani na nje, kila chumba akakipa dirisha moja dogo la mbao, na pale ukuta unapokutana na bati akasiliba udongo hata sisimizi asipite. Baridi ya mwezi wa sita huku kwetu haina mzaha. Nyumba isiyopitisha upepo ndiyo iliyokuwa sifa ya fundi.

Tukahamia, na tukahamia na moto wetu. Hilo ndilo kosa, na tulilifanya kijiji kizima. Katika msonge mafiga yalikaa katikati ya nyumba na moto haukuzimwa. Moshi ulijichuja kwenye nyasi za paa ukatoka taratibu, na asubuhi ukisimama ng'ambo ya bonde uliona kila nyumba inafuka. Sasa mafiga yaleyale tuliyabeba tukayaweka katikati ya nyumba ya bati iliyosilibwa pande zote. Moshi ukapanda, ukagonga bati, ukaturudia. Nilitaka kuuhamishia moto uani. Mama mkwe wangu, tuliyekuwa tukiishi naye, akasema nyumba isiyo na moto ni kaburi, na kwamba yeye bado yu hai. Mjadala ukaishia hapo.

Wiki ya tatu paa likaanza kuvuja, na mvua haikuwapo. Kila alfajiri matone yalitudondokea juu ya blanketi. Mume wangu akapanda juu na kopo la lami, akapaka kila msumari. Kesho yake likavuja. Akapaka tena, na tena. Majirani nao walikuwa juu ya mapaa yao na makopo yao, na lami ikaadimika dukani. Asubuhi moja tone lilinidondokea mdomoni, nikaonja moshi. Maji yale hayakutoka mbinguni. Yalikuwa mvuke wa vyungu vyetu na pumzi zetu wenyewe, zimepanda zikakosa njia. Nilimweleza mume wangu. Akaniuliza tangu lini nimekuwa fundi.

Ningeweza kuvumilia blanketi bichi. Lakini nilikuwa na binti yangu wa kwanza, hajatimiza miaka miwili, na yeye alilala upande wa ukutani. Nyuma ya kitanda kile kuvu nyeusi ilikuwa imetambaa kutoka sakafuni hadi kimo cha mto. Kifua cha mtoto kikaanza kupiga mluzi. Pale zahanati mganga alimpa dawa ya maji, akaniambia nimlaze mahali pakavu pasipo na moshi. Nikamwuliza mahali hapo ni wapi katika kijiji chetu, akaangalia dirishani. Niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa kila pumzi aliyoivuta, kwa sababu mbavu zake zilikuwa zikizama ndani, na nilikuwa nimeshaona watoto wa wenzangu wakizikwa kwa kifua cha namna hiyo.

Mama mkwe alikuwa bingwa wa viazi vya mbegu. Watu walimjia kutoka vijiji vya jirani, kwa kuwa mbegu yake haikuoza wala haikunyauka. Siri yake ilikuwa kibanda nyuma ya nyumba, na mwaka ule aliniita nimsaidie kukijenga upya. Kilikaa juu ya mawe, kuta za fito, na upande wa bondeni chini kabisa tuliacha nafasi za kupitisha mkono. Upande wa pili, juu, chini ya nyasi, tukaacha nafasi nyingine. Nilipotaka kuzikandika akanipiga kofi mkononi.

"Kiazi kikikosa pumzi kinaoza," alisema. "Pumzi iingie chini ikiwa baridi, itoke juu ikiwa imechoka."

Nilisimama na udongo mikononi, nikapandwa na hasira ambayo haijanitoka mpaka leo. Nikamwuliza: "Na mjukuu wako je, Mama?"

Akanijibu kwamba mtoto si kiazi, mtoto huuawa na upepo. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyoambiwa na mama yake, na katika msonge ilikuwa kweli, kwa kuwa msonge ulipumua wenyewe bila kuombwa. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona. Tulikuwa kijiji kizima cha watu wanaovipa viazi hewa na kuwanyima watoto.

Siku ya tatu baada ya hapo, mume wangu alipokwenda kujenga nyumba ya watu kule chini, nikachukua mtaimbo wake. Katika chumba chetu cha kulala nilitoboa matundu mawili karibu na sakafu, upande wa bondeni, na mawili karibu na bati, ukuta wa pili. Lipu ilibanduka vipande vipande na nikafurahi kuisikia ikianguka. Kila tundu nililivika kipande cha mwanzi mnene, nimekilaza kikiinamia nje ili mvua isiingie, na mdomoni nikafunga waya wa chujio kuukuu kuzuia panya. Nikakandika pembeni. Nikamlaza mtoto, nikaweka kiganja kwenye mwanzi wa chini. Hewa ilikuwa inaingia polepole, kama mtu anayepuliza uji.

Mume wangu aliporudi hakunipiga wala hakufoka. Aliketi akayatazama matundu, kisha akasema nimemvua nguo mbele za watu. Fundi gani ambaye mkewe anamtobolea ukuta? Nikamwambia akitaka kuyaziba ayazibe, lakini siku hiyohiyo mimi na mtoto tutahamia kwenye kibanda cha viazi, nako tutaonwa na kila mpita njia. Hakuyaziba. Pia hakusema nami hadi siku ya soko.

Aliyeyaziba ni mama yake. Jioni nilipotoka kuchota maji alisokomeza matambara ya kaniki kwenye matundu yote mawili ya chini, na asubuhi nikayang'oa. Jioni akasokomeza, asubuhi nikang'oa. Nilipomwuliza, akaniambia bila kupepesa macho kwamba panya ndio wanaoleta matambara. Nikasema huyo panya ana hazina ya kaniki. Akasema panya wa siku hizi wana mambo. Tuliendelea hivyo wiki nyingi, tukila bada, ugali wetu wa muhogo, chungu kimoja na kusalimiana kwa heshima zote. Sitasema mtoto alipona siku ile niliyotoboa, maana huo ungekuwa uongo. Kwanza bati liliacha kulia. Kisha kuvu ikakauka, nikaifagia. Mluzi wa kifuani ukawa wa alfajiri tu, kisha wa siku moja moja, na maharage yalipotoa maua mwanangu alikuwa anakimbiza kuku.

Kisha ikaja amri nyingine: vibanda vya nyasi nyuma ya nyumba vibomolewe, vinachafua sura ya kijiji. Kibanda cha mama mkwe kikabomolewa pamoja na vingine, na mbegu za shamba la ujamaa zikawekwa kwenye ghala jipya la kijiji, la tofali, lililosilibwa vizuri sana. Aliyelisiliba alikuwa mume wangu. Za kwake mama mkwe hakuzipeleka. Asubuhi moja nilipoinama kufagia nilikuta vikapu vitano chini ya kitanda changu, vimepangwa mbele ya matundu ya chini, na matambara hayapo. Nikafagia kuvizunguka. Panya alikuwa ameacha kazi.

Mvua za vuli zilipokaribia wakalifungua ghala. Harufu ilifika kwetu kabla ya habari. Viazi vya kijiji kizima vilikuwa uji, na vijana walivimwaga korongoni wamefunga vitambaa puani. Wiki hiyohiyo ikatangazwa kwamba wageni kutoka wilayani watakuja Jumamosi kutazama nyumba bora. Katibu wa kijiji akapita nyumba kwa nyumba kukagua. Alikuwa mtu mzuri, mchapakazi, na kalamu yake mfukoni. Alimpa mama mkwe shikamoo, akamsalimu mume wangu, kisha akauzunguka ukuta na kusimama.

"Mama, haya matundu yazibwe kabla ya Jumamosi," aliniambia. "Wageni watadhani tunafuga njiwa."

"Ndugu Katibu, siyazibi."

Akatabasamu kama mwalimu, akanikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo nilikuwa nimeshatupiwa na nusu ya kijiji, kisimani na kanisani. Nikamwambia ukuta ninao tayari, nimejengewa na fundi bora, ninachokosa ni hewa. Mume wangu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Katibu akaacha kutabasamu. Akasema kesho ataleta vijana na udongo, nami nikasema waje na wa kunishika mikono, kwa sababu wakiziba mchana nitatoboa kabla udongo haujakauka. Nilijua jina langu litasomwa mkutanoni. Na nilijua vilevile kwamba binti yangu hataurudia ule mluzi nikiwa mzima.

Hapo mama mkwe akatoka ndani na kiazi kimoja mkononi. Kilikuwa kigumu, na vichipukizi vyake vifupi na vinene, kama inavyotakiwa.

"Mjukuu wangu," alimwambia Katibu, "shamba lenu mtapanda nini?"

Katibu akageuka kutazama kule korongoni.

"Hiki kinalala pale kwenye matundu," akasema mama mkwe. "Zibeni. Kisha mkapande udongo."

Katibu alikigeuzageuza kile kiazi. Akaingia chumbani, akaviona vikapu, akaweka kiganja kwenye mwanzi kama nilivyoweka mimi. Alipotoka alisema matundu yabaki, ila yapakwe chokaa pembeni, duara safi, ili yaonekane yamekusudiwa. Jumamosi wageni waliyasifu. Wakauliza ni ubunifu wa nani, na mume wangu, aliyekuwa amesimama karibu, akazipokea sifa kwa adabu zake zote bila kukanusha. Mwaka uliofuata alikuwa akiacha matundu manne katika kila nyumba aliyojenga. Ukipita barabara ile utayaona, na wazee watakwambia ndiyo mtindo wake.

Sikuwahi kumdai hilo. Lililonichoma ni jingine. Mtoto alikohoa miezi na hakuna aliyeinuka. Viazi vilipooza, kijiji kizima kikaelewa habari ya hewa kwa asubuhi moja. Nikilifikiria hilo hata sasa, mtaimbo naukumbuka mkononi.

Chumba cha mama mkwe hakikutobolewa. Mwanawe alimwomba mara nyingi, yeye akakataa, akasema yeye si kiazi. Alikaa humo miaka kumi zaidi, dirisha limefungwa, kigae cha makaa miguuni. Mwishowe kifua kikamshika. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, mawingu yamejaa bondeni hadi usawa wa mgomba, akaniita. Alikuwa ameketi kitandani amejishika magoti, anatafuta pumzi kwa mabega. Ule mluzi niliutambua kabla sijavuka kizingiti.

"Nipelekeni kule vinakolala viazi," alisema.

Nilimwita binti yangu, wakati huo msichana mwenye mikono imara na kifua kizima. Tukambeba bibi yake kwa mkeka, tukamlaza kwenye kitanda changu, uso karibu na tundu la chini. Hewa ya bondeni ikamfikia, nikaona kitambaa chake cha kichwani kikitikisika kidogo. Mtu mwema angenyamaza. Mimi nilikuwa nimengoja siku nyingi mno.

"Mama," nikamwambia, "baridi itaingia."

Alivuta pumzi moja, akaitoa, akavuta ya pili kabla ya kunijibu.

"Iache iingie," alisema. "Panya wako amezeeka."